Kuoza

Kashata, punda wangu, alikufa Mfungo Tano,
tumbo limejaa kama ngoma iliyowambwa upya.
Daktari wa mifugo alipompasua
akavuta kamba ya nailoni, ya bluu,
akavuta,
akavuta,
kama mtu anayeteka kisima kisicho na ndoo.
Pima tatu na shubiri.
Ilikuwa nzima. Ungeiosha, ungefungia mzigo.

Nami ndiye niliyeinunua,
dukani kwa Shee Kombo, aliyeniapia:
"Hii haiozi, bwana.
Utaiacha wewe, yenyewe haitakuacha."

Ndipo nikaenda Matondoni kwa Bi Tima Bunu.
Maji yamekupwa, yeye yumo matopeni,
gauni kalikunja magotini,
anafukua makumbi aliyoyazika tangu kaskazi.
Harufu! Hata kaa walikuwa wamehama.
Kila shimo na jiwe lake la alama:
hili la tumbawe ni lake,
lile lililopakwa chokaa ni la aliyekuwa mke mwenzake,
na kwenye tope lile hawajawahi kuibiana hata kumbi moja.

"Yanuka," nikasema.
"Yameozwa," akajibu. "Nimeyaoza mwenyewe.
Mume ni tope, mahari ni miezi saba,
na kungwi ni mimi.
Wewe umeona wapi harusi isiyo na jasho?"

Akaketi, akapiga, kibao juu ya jiwe.
Kumbi likatema weusi wake, zikabaki nywele
za rangi ya chai ya maziwa.
Akazisokota pajani.
Paja lake lina ngozi ya kobe;
binti zake hawalitaki paja la namna hiyo,
mmoja yuko Mpeketoni, anauza simu.

Mpwawe, Famau, alirudi kutoka mafunzoni
na tofali la katani na chokaa mkobani,
jepesi kama mkate wa mofa.
Gatini askari akalinusa, akaligusa kwa ulimi,
akauliza: "Hii inavutwaje?"
Siku mbili Famau alilala kituoni
akieleza tofauti ya mmea na mmea,
ya uzi na moshi.
Tofali likabaki kuwa ushahidi.
Nasikia sasa linazuia mlango wa OCS usibamizwe na upepo.

Alipotoka, Bi Tima akamwonyesha lundo nyuma ya choo,
pumba za makumbi, za miaka, zisizo na mwenyewe.
"Chokaa tunayo," akasema. "Na hizi je?"

Ukuta wa jiko wakaujenga wawili.
Masika yakaupasua, ufa wa kuingia kidole,
Famau nusura alie.
Bi Tima akaubomoa upande ule, akauponda, akauloweka,
siku ya pili akaukandika tena,
bila hotuba.

Sidanganyi: kamba yake ni ghali mara nne,
inakwaruza viganja, ikilowa inanenepa,
na fundo lake liliwahi kunisaliti Langoni
nikamwaga mchanga wa watu mlangoni pa watu.
Mwaka mmoja tu, kisha inakuwa ugoro.
Naitupa shinani pa mnazi,
na mnazi hauniulizi ilikuwa wapi.

Juzi alfajiri nimemkuta punda mpya, jina bado,
ameitafuna kamba yake yote hadi fundoni,
amesimama huru katikati ya uchochoro
akinitazama kama mwenye nyumba.
Sikumpiga.
Siku mbili nimemfuata nyuma na koleo,
majirani wakicheka madirishani,
hata leo nikaiona imetoka:
vipande vya kahawia ndani ya majani,
si kitu, samadi kama samadi.

Nikaizoa, nikampelekea mnazi.

Kesho nakwenda Matondoni
kuposa nyingine.